Joris Ivens: Mholanzi Aliyeikana Serikali Yake kwa Ajili ya Uhuru wa Indonesia

Tarehe 21 Novemba 1945, mjini Sydney, Australia, Mholanzi mmoja mwenye umri wa miaka 47 aliwaita waandishi wa magazeti akawaarifu kwamba ameacha kazi. Haikuwa kazi ya kuchezea. Joris Ivens alikuwa Kamishna wa Filamu wa serikali ya makoloni ya Uholanzi katika Asia, yaani visiwa ambavyo leo twaviita Indonesia. Alikuwa na cheo, mshahara mzuri na ahadi ya vyombo vya kupigia picha. Siku hiyo aliviacha vyote. Alieleza wazi kuwa serikali yake imevunja ahadi iliyotoa, na kwamba yeye hawezi kutengeneza filamu za kusifu uhuru huku bunduki zikielekezwa kwa watu wanaoutaka uhuru huo.

Tumezoea kusoma habari za wapigania uhuru waliotoka miongoni mwa watu waliotawaliwa. Huyu alitoka upande wa pili, katika nyumba ya mtawala. Kwa hiyo maisha yake yafaa kusimuliwa, pamoja na makosa yake, ambayo nayo hayakuwa machache.

MTOTO WA DUKA LA KAMERA

Ivens alizaliwa tarehe 18 Novemba 1898 katika mji wa Nijmegen, karibu na mpaka wa Ujerumani. Jamaa zake walikuwa Wakatoliki wenye uwezo. Babu yake alikuwa mpiga picha, na baba yake, Kees Ivens, alikuwa na biashara ya kuuza kamera na vifaa vya picha. Mzee Kees alikuwa pia diwani, na kwa miaka mingi aliushughulisha mji wake na jambo moja: kujengwa kwa daraja la kuvuka mto Waal. Kwa hiyo kijana huyu alikua kati ya kamera na mazungumzo ya madaraja. Alipokuwa na umri wa miaka 13 tu alitengeneza filamu yake ya kwanza, mchezo wa Wahindi Wekundu, na waigizaji walikuwa wazazi wake, ndugu zake na yeye mwenyewe.

Baba alitaka mrithi wa duka. Alimpeleka mwanawe Rotterdam kusoma uchumi, kisha Ujerumani kujifunza mambo ya madawa ya picha na kufanya kazi katika viwanda vya kamera. Huko Ujerumani kijana aliona mambo mengine ambayo baba hakuyapangia: wafanyakazi katika migomo, njaa iliyofuata Vita Vikuu vya Kwanza, na pesa zilizopoteza thamani kila kukicha. Aliporudi alipewa kusimamia tawi la biashara huko Amsterdam, lakini moyo ulikuwa umekwisha kwenda kwingine.

Mwaka 1927 wakuu wa Amsterdam waliizuia filamu ya Kirusi iitwayo Mama, iliyotengenezwa na Pudovkin. Vijana wasanii wakakusanyika kuitazama katika klabu yao, na Ivens, kwa kuwa alizijua mashine, ndiye aliyeitwa kuendesha mtambo wa kuonyeshea. Kutokana na kisa hicho kilizaliwa chama cha wapenzi wa filamu kiitwacho Filmliga, na Ivens akawa mmoja wa waanzilishi wake. Mwaka uliofuata akatoa filamu yake juu ya daraja la reli la Rotterdam, lile linaloinuka kupisha meli. Mwaka 1929 ikafuata Mvua, filamu fupi ya manyunyu yanavyoshuka juu ya mifereji na miavuli ya Amsterdam. Hakuna anayesema neno ndani ya filamu hizo mbili, lakini zilimpa jina Ulaya nzima. Lau angeendelea na mvua na madaraja, angezeeka kwa amani na sifa.

KUTOKA MVUA HADI MIGOMO

Hakuendelea. Mwaka 1930 alizuru Urusi, na muda si mrefu akarudi huko kupiga picha za vijana wakijenga mji wa chuma wa Magnitogorsk. Mwaka 1933, pamoja na Mbelgiji Henri Storck, alikwenda Borinage, wilaya ya makaa ya mawe nchini Ubelgiji, ambako wachimba migodi walikuwa wamegoma mwaka mmoja kabla na wengi wao kufukuzwa kazini na hata katika nyumba walimoishi. Wapiga picha hao walifanya kazi kwa kujificha, wakiwakwepa polisi.

Hapo Borinage pana jambo ambalo msomaji aliweke akilini, kwa sababu litarudi Sydney. Ivens alitaka picha ya maandamano yaliyokuwa yamepita, wafanyakazi wakiwa wamebeba sanamu ya Karl Marx. Akawaomba wachimbaji wayaigize upya. Walipoanza kutembea, watu wakatoka majumbani mwao, wengine wakainua ngumi juu kwa heshima, na mchezo ukageuka kuwa maandamano ya kweli kabisa, mpaka polisi wakaingilia kati. Je, picha ile ni ya kweli au ya kuigiza? Maishani mwake mwote Ivens aliulizwa swali hilo, na maishani mwake mwote hakuona kuwa ni swali zito. Kwake yeye ilitosha kwamba jambo lilikuwa limetokea. Wako waliomkosoa kwa hilo, na si wote walikuwa maadui wake.

Vita vilipozuka Hispania alikwenda huko na kutoa Ardhi ya Hispania mwaka 1937, ambayo maelezo yake yaliandikwa na kusomwa na mwandishi Ernest Hemingway. Filamu hiyo ilionyeshwa hata Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Roosevelt, na fedha zilizochangwa zilinunua magari ya kubebea majeruhi. Mwaka 1938 alikuwa China, wakati Wajapani wakiivamia nchi hiyo. Serikali ya Chiang Kai-shek haikumwachia kwenda kwa Wakomunisti kama alivyotaka, basi kabla ya kuondoka aliwapelekea kamera yake kwa siri. Kamera hiyo ilifanya kazi kubwa huko ilikofika, na baadaye ikawekwa katika jumba la makumbusho mjini Beijing.

AHADI YA MALKIA

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yetu. Waholanzi walikuwa wameingia Indonesia tangu karne ya 17 wakifuata viungo, na hasa karafuu na kungumanga za visiwa vya Maluku. (Mikarafuu ya Unguja na Pemba asili yake ni huko huko, ililetwa kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi katika karne ya 19.) Mwaka 1942 Wajapani waliwafukuza Waholanzi, na serikali ya makoloni ikakimbilia Australia. Uholanzi yenyewe ilikuwa tayari chini ya majeshi ya Hitler tangu Mei 1940. Mwezi wa Desemba 1942, akiwa mkimbizi London, Malkia Wilhelmina alitoa hotuba ya redio akiahidi kuwa vita vikiisha, makoloni yatakuwa na haki ya kujiendeshea mambo yao, sawa na Uholanzi ndani ya umoja mmoja.

Ahadi hiyo ndiyo iliyomvuta Ivens. Mwaka 1944 akiwa Marekani alipewa ukamishna wa filamu, naye akaukubali kwa kuamini kwamba maneno ya Malkia yalikuwa na maana. Alipanga kupiga picha za Indonesia ikikombolewa kutoka kwa Wajapani, na baadaye Waindonesia wenyewe wafundishwe kazi ya filamu. Mwanzoni mwa 1945 akawasili Australia. Akangoja. Kila alipoomba kwenda kwenye visiwa akapata kizuizi kipya.

Japani ilisalimu amri Agosti 1945. Tarehe 17 ya mwezi huo, mjini Jakarta, Sukarno na Hatta wakatangaza kuwa Indonesia ni nchi huru. Serikali ya Uholanzi, ambayo watu wake walikuwa wametoka katika utumwa wa Wajerumani miezi mitatu tu iliyopita, ilikataa kata kata. Ikaanza kukusanya askari, silaha na meli za kurudi kutawala. Mwezi wa Novemba mji wa Surabaya ulikuwa unawaka moto. Majeshi ya Waingereza, yaliyotangulia kufika kwa niaba ya washirika, yalipigana mitaani na vijana wa Kiindonesia. Siku zile zile Ivens akajiuzulu.

MELI ZISIZOKWENDA

Nyingi za meli hizo za Waholanzi zilikuwa katika bandari za Australia, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna jenerali aliyelitazamia. Miongoni mwa mabaharia wa meli hizo walikuwamo Waindonesia wengi. Tena kulikuwa na kundi lingine: wafungwa wa kisiasa waliokuwa wamefungiwa kwa miaka katika kambi ya Boven Digul, kwenye misitu ya Papua. Mwaka 1943 Waholanzi waliwahamishia Australia wakidhani watakuwa salama mikononi mwao. Kumbe waliwaleta walimu wa siasa mahali pale pale palipokuwa na mabaharia.

Septemba 1945 mabaharia wa Kiindonesia waliteremka melini na kukataa kupakia silaha za kwenda kuwaua ndugu zao. Chama cha wafanyakazi wa bandari wa Australia kikawaunga mkono. Mabaharia wa Kihindi na wa Kichina nao wakaingia. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa maana ya makuli kukunja mikono: winchi hazisogei, makaa hayapakiwi, mashua za kuvuta meli hazitoki. Kabla ya mgomo huo kwisha, mamia ya vyombo vya Kiholanzi, vikubwa kwa vidogo, vilikuwa vimeguswa nao.

Ivens aliyaona hayo kwa macho yake, na ile filamu aliyonyimwa kuipiga Indonesia akaipata gatini Sydney. Lakini sasa hakuwa na ofisi wala bajeti. Kamera ilikuwa ndogo na ya kuazima, mikanda ya filamu ilipatikana kwa shida, na fedha zilichangwa na vyama vya wafanyakazi na marafiki. Sehemu kubwa ya picha zilipigwa na Mmarekani Marion Michelle, mwanamke hodari ambaye jina lake husahauliwa upesi mno filamu hii inapotajwa. Maelezo yaliandikwa na Catherine Duncan, mwandishi wa michezo ya kuigiza wa Australia. Aliyeyasoma alikuwa kijana mwenye sauti nzuri aitwaye Peter Finch. Huyo baadaye alipata umaarufu mkubwa London na Hollywood. Walioona filamu ya Kimarekani juu ya uvamizi wa Entebbe wa mwaka 1976 watamkumbuka kama yule aliyemwigiza waziri mkuu wa Israeli.

Indonesia Yaita, ndilo jina lake kwa Kiswahili, ina urefu wa dakika 22 tu. Ndani yake twaona mabaharia mikutanoni, maandamano, na meli zimelala majini zikipata kutu. Sehemu inayokumbukwa zaidi ni ile ya meli yenye mabaharia wa Kihindi inayoondoka bandarini. Mashua ya injini yaikimbilia, na ndani yake mtu ameshika kipaza sauti akiwasihi wenzake kwa lugha yao wasiipeleke meli hiyo Java. Jambo hilo lilitokea, na mabaharia waliitikia mwito. Lakini lilipotokea kamera haikuwapo, kwa hiyo liliigizwa upya, kama yale maandamano ya Borinage. Anayetaka kumlaumu Ivens amlaumu. Bado meli zile hazikwenda.

Filamu ilianza kuonyeshwa Sydney Agosti 1946. Waholanzi walilalamika, na kwa muda serikali ya Australia ilizuia isipelekwe nje. Nakala ilipenya hata hivyo. Toleo lenye maelezo ya Kimalai liliingizwa Indonesia na kuonyeshwa nje usiku, katika sehemu zilizokuwa mikononi mwa Jamhuri. Ebu fikiri maana yake kwa watu waliozingirwa pande zote, bila redio nyingi wala magazeti ya nje: wanaona kwamba ng'ambo ya bahari wako Wazungu, Wahindi na Wachina waliopoteza mishahara yao kwa ajili ya vita vyao. Filamu haikuleta uhuru wa Indonesia. Uholanzi ilipeleka zaidi ya askari 100,000, ikafanya mashambulizi makubwa mara mbili, Julai 1947 na Desemba 1948, na watu wengi mno wakafa kabla haijakubali kuondoka tarehe 27 Desemba 1949.

MALIPO YAKE

Kwa wakubwa wa nchi yake Ivens alikuwa sasa msaliti. Kwa miaka mingi ilisimuliwa, na yeye mwenyewe alipenda kusimulia, kuwa alinyang'anywa pasipoti akawa mtu asiye na nchi. Waliochunguza makaratasi baadaye waligundua kuwa mambo yalikuwa madogo kuliko hadithi: pasipoti ilitolewa kwa muda mfupi mfupi na kwa masharti, na kwa kipindi fulani ilizuiwa. Usumbufu ulikuwepo, na chuki pia, ila hadithi iliongezwa chumvi.

Na sasa lile kosa. Baada ya 1947 Ivens alifanya kazi Ulaya ya Mashariki, kwa serikali za Kikomunisti. Filamu yake Miaka ya Kwanza, iliyotoka mwaka 1949, ilikusudiwa kusifu nchi nne mpya za Kisoshalisti: Bulgaria, Chekoslovakia, Poland na Yugoslavia. Mwaka 1948 Tito wa Yugoslavia akagombana na Stalin. Filamu ilipotoka, Yugoslavia haimo. Picha zake zimeondolewa, na nchi tatu zimebaki. Mtu yule yule aliyeikataa serikali yake mwenyewe mbele ya waandishi wa magazeti, safari hii hakuita waandishi. Watu walifungwa na kuuawa chini ya Stalin, naye akaendelea kupiga picha za mavuno na maandamano ya shangwe. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba jambo moja lafuta jingine. Ivens aliona vizuri sana uonevu wa wakoloni, na alikuwa na upofu alipotazama uonevu wa rafiki zake. Yalimpata tena miaka ya sabini nchini China. Filamu zake kubwa za mwaka 1976, kumi na mbili kwa idadi na zenye urefu wa saa 12 hivi, zilisifiwa sana Paris, lakini Mao alipofariki mwaka huo huo na mambo ya Mapinduzi ya Utamaduni yakafichuka, zilianza kuonekana kama kazi ya mtu aliyeonyeshwa uani tu akadhani ameiona nyumba nzima.

Hata hivyo hakuchoka kuzifuata nchi zilizokuwa zikijikomboa. Mwaka 1960, mwaka wa uhuru wa Mali, alipiga filamu huko katika kijiji cha Nanguila. Mwaka uliofuata alikuwa Cuba. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68 na mgonjwa wa pumu, aliishi kwa muda wa miezi miwili pamoja na Marceline Loridan katika wilaya ya Vinh Linh, Vietnam, kwenye mstari wa 17 uliogawa nchi. Wanakijiji walikuwa wamehamia chini ya ardhi kwa sababu ya mabomu ya Wamarekani. Walilala mahandakini na kutoka kulima mpunga ndege zikipumzika. Filamu waliyoileta kutoka huko haina majenerali. Ina wakulima, watoto na udongo. Loridan, ambaye utotoni alinusurika katika kambi ya mauti ya Auschwitz, alikuja kuwa mkewe na mwenziwe wa kazi mpaka mwisho.

Uholanzi ilikawia kumsamehe, au tuseme ilikawia kukiri. Mwaka 1985 waziri wa utamaduni wa nchi hiyo, Elco Brinkman, alisafiri hadi Paris kumkabidhi mzee huyo tuzo ya filamu ya taifa, na akakubali mbele ya watu kwamba katika habari ya Indonesia, historia ilikuwa imempa haki Ivens zaidi kuliko wapinzani wake. Mwaka 1988 Ivens na Loridan walitoa filamu ya mwisho, iliyopigwa China tena, lakini safari hii hakwenda kutafuta chama wala kiongozi. Alikwenda kutafuta upepo. Mzee wa miaka tisini anayepumua kwa taabu ameketi juu ya kiti jangwani, akiungoja uvume. Mwaka huo tamasha la Venice lilimtunuku Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake.

Alifariki Paris tarehe 28 Juni 1989, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse. Hakuwapo Machi 2020, Mfalme Willem-Alexander alipoomba radhi mbele ya rais wa Indonesia kwa ukatili uliotendwa katika vita vile, wala Juni 2023, waziri mkuu wa Uholanzi alipotamka bungeni kuwa nchi yake inakubali bila sharti kwamba Indonesia ilikuwa huru tangu tarehe 17 Agosti 1945.